Mtangazaji wa Isevya na Barua Zisizoombwa

Katika mitaa ya Isevya, Kanyenye na Ng'ambo, watu wengi waliijua sauti ya Uwesu kabla ya kuijua sura yake. Ni sauti nzito yenye mkwaruzo, na hupanda kidogo mwishoni mwa sentensi kana kwamba anauliza. Ilipokuwa ikipita barabarani, kutoka kwenye spika iliyofungwa nyuma ya pikipiki yake, mama aliyekuwa akichambua mchele aliinua kichwa, fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali, na redio zilipunguzwa. Uwesu hakupita bure. Alikuwapo aliyefariki, au mtoto aliyepotea sokoni, au siku ya chanjo imefika, au mbuzi wa mtu hajarudi.

Kazi hii aliirithi. Baba yake aliifanya kwa miguu, akiwa na debe na kijiti. Kwenye ukoo wao husimuliwa kwamba zamani, misafara ilipokuwa ikipumzika hapa Tabora kabla ya kushika njia ya Ujiji, mzee wao mmoja ndiye aliyekuwa akizunguka kambini alfajiri kuwaambia wapagazi wafunge mizigo. Kama simulizi hiyo ni kweli yote au nusu, hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Kilichobaki ni namna yao ya kutangaza.

Namna hiyo ni hii: mtangazaji huazima mdomo wa aliyemtuma. Hasemi, "Majidi amefiwa na mama yake." Husema, "Mimi Majidi, nimefiwa na mama yangu. Maziko ni saa kumi, majirani nawaomba mje." Baba yake alimfundisha kwamba ukianza kusema "yeye amefiwa", umeshaanza kusimulia habari za watu, na habari za watu si mali yako. Watu wa mitaa ile walipoisikia sauti ya Uwesu ikisema "mimi Majidi", hawakushangaa hata kidogo. Walijua Uwesu si Majidi. Ni wageni tu waliotatizika. Dereva mmoja wa lori kutoka Dar es Salaam, aliyekaa Tabora wiki nzima akisubiri mzigo wa tumbaku, aliwahi kumuuliza mama ntilie kwa huruma kabisa, "Huyu mzee mbona kila siku anafiwa?"

Uwesu angeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni. Tatizo lilikuwa kwamba watoto wa Tabora walikuwa wanaondoka. Mama akifariki Kanyenye, wanawe wako Mwanza, Dar es Salaam na Muskati, ambako spika haifiki. Alijaribu makundi ya WhatsApp, lakini kila alipoingizwa, baada ya matangazo machache aliondolewa.

"Admini ananitoa kama nimekwenda kuomba chumvi," alilalamika siku moja dukani kwa Adelina.

Adelina ana duka la kuchapa na kutoa kopi kule Kitete, njia ya kwenda hospitali. Ni mwanamke mwepesi wa mkono na wa mdomo. Vijana wanaotafuta kazi huja kwake kufunguliwa barua pepe, kwa sababu siku hizi maombi mengi hupitia huko, na yeye amewafungulia wengi sana, wa mjini na wa vijijini.

"Barua pepe haina admini, baba Shamila," alimwambia. "Ikishaondoka, imeondoka. Na mimi anwani ninazo. Vijana wote niliowafungulia, na ndugu zao walioko mbali wanaowaandikia."

"Hawatakasirika?"

"Wakasirike kwa kuambiwa bibi yao amefariki?"

Katika maisha yake yote Uwesu hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kumpasha habari. Nani huulizwa kwanza kama angependa kusikia kwamba jirani yake ametutoka? Habari hupita barabarani, na mwenye masikio husikia. Wale vijana walimpa Adelina anwani zao kwa ajili ya kuomba kazi, basi. Hakuna aliyewauliza lolote zaidi ya hapo.

Adelina akamfungulia Uwesu anwani yake mwenyewe, iliyosajiliwa kwa simu yake, yenye jina lake na neno mtangazaji. Siku ya tangazo la kwanza alimuuliza, "Jina la mtumaji lionekane nani? Uwesu?"

"Kwani mimi nimefiwa? Andika mwenye msiba."

Ikawa ndiyo kawaida. Kila barua ilitoka kwenye anwani ya Uwesu, lakini jina lililoonekana juu lilikuwa la aliyemtuma. Kwa Uwesu haikuwa hila. Ilikuwa kazi ileile ya baba yake, imehamia kwenye kioo cha kompyuta. Na ilimpa sifa. Mwanamke mmoja aliyeko Muskati alizipata habari za shangazi yake kwa barua ya Uwesu kabla ndugu hawajakumbuka kumpigia, na akamtumia salamu za shukrani zilizosomwa hadharani msikitini. Hafsa, mke wake, aliwaambia majirani kwamba sasa mume wake anasikika mpaka Uarabuni.

Kiangazi kilichofuata alikuja mtu aliyejiita Vedasto. Alivaa fulana ya kikazi yenye mistari inayong'aa na alishika kofia ngumu mkononi. Alisema kampuni yake inafungua mgodi wa dhahabu upande wa Nzega na inahitaji vijana: wa stoo, wa jikoni, walinzi. Jina la kampuni lilikuwa refu, na neno dhahabu lilitajwa mara mbili ndani yake.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayewafikia vijana wote," alisema Vedasto.

Hapo Uwesu alipaswa kufanya jambo moja ambalo baba yake hakuliacha hata siku moja. Kabla ya kutangaza msiba, mtangazaji hufika kwenye nyumba ya msiba. Huona mkeka uliotandikwa na watu waliokaa, humpa mkono mfiwa, ndipo huinuka kwenda kutangaza. Uwesu aliishika desturi hiyo kwenye misiba. Kwa tangazo la kazi alijikuta hajui nyumba ya kuingia ni ipi.

"Ningependa nifike huko kwenu kwanza, nione," alisema.

"Mzee wangu, pale getini haingii mtu bila kibali. Nitakupeleka Jumatatu nikikupatia. Lakini wakubwa wanataka majina haraka, na vijana wa mikoa mingine wameshaanza kujiandikisha. Watu wa Tabora wakikosa, wasikulaumu wewe."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Vijana wa Tabora wasio na kazi aliwafahamu. Aliwaona kila siku wamekaa vibarazani, wakiitazama pikipiki yake ikipita.

Walikwenda kwa Adelina. Vedasto aliyasoma maneno kutoka kwenye simu yake, Adelina akayachapa: "Mimi Mkurugenzi wa Rasilimali Watu nawakaribisha vijana wenye nia ya kazi." Mwenye nia afike Nzega kwenye nyumba ya wageni iliyotajwa, akiwa na fedha ya kupimwa afya na ya kununulia viatu vya usalama. Jina la mtumaji likaandikwa Idara ya Ajira, kama Vedasto alivyotaka. Uwesu alilipwa bei yake ya kawaida, ileile ya kumtangaza mbuzi aliyepotea. Jumatatu ilipofika, Vedasto hakuja kumchukua.

Wiki chache baadaye, saa za mchana, Uwesu alikuwa uani akiunga waya wa spika wakati msichana mmoja alipopiga hodi. Hafsa alimkaribisha na kumsogezea kigoda. Msichana hakukaa. Alikuwa na mfuko mdogo begani na vumbi jekundu mpaka magotini.

"Wewe ndiye Mkurugenzi wa Rasilimali Watu?" alimuuliza Uwesu.

Hafsa aliangua kicheko. "Mkurugenzi gani, mwanangu? Huyu hata kuku wake hawamsikii."

Msichana hakucheka. Alitoa simu yake akaonyesha barua. Juu palikuwa na maneno Idara ya Ajira. Akayagusa maneno hayo kwa kidole, na chini yake ikajitokeza anwani, herufi kwa herufi: jina la Uwesu na neno mtangazaji.

"Adelina amenionyesha namna ya kulifunua jina," alisema. "Ndipo nikakumbuka. Wewe ndiye uliyemtangaza bibi yangu alipofariki."

Aliitwa Yustina, mtoto wa wakulima wa Igalula. Alikuwa akiuza mbegu na mbolea kwenye duka la chama cha wakulima, kazi ndogo lakini ya kila siku. Barua ilipomfikia aliiacha kazi ile, akaenda Nzega. Hapo kwenye nyumba ya wageni aliwakuta wenzake. Vedasto aliwapokea, akachukua fedha ya vipimo na ya viatu, akawaambia wasubiri gari la mgodini. Gari halikuja, Vedasto hakurudi, na mwenye nyumba aliwatoa nje na mizigo yao.

"Kazi yangu ya dukani ameshapewa mwingine," alisema Yustina. "Baba hasemi na mimi."

Uwesu aliuweka chini waya. "Mwanangu, mimi nilitangaza nilichotumwa. Maneno si yangu."

"Nitajuaje? Ungepita nyumbani kwetu na spika ukayasema haya, baba angetoka nje akakuuliza, Uwesu, nani kakutuma, na anakaa wapi? Ungemjibu hapohapo, watu wote wakisikia. Kwenye simu nimuulize nani? Nilimwona Mkurugenzi. Wewe sikukuona."

Hafsa aliacha kucheka. Uwesu aliitazama ile anwani mpaka kioo cha simu kikazima.

"Halafu kuna wengine," Yustina aliendelea. "Yule mtu amebadilisha namba, lakini barua bado iko kwenye simu za watu. Leo nimemkuta mmoja pale kwa Adelina, anaitwa Kasimiri. Wanaondoka Jumamosi na basi la asubuhi, yeye na wenzake wa vijijini. Ameuza baiskeli ya baba yake."

"Hukumwambia yaliyokupata?"

"Nimemwambia. Kasema nawatisha ili nafasi zibaki kwa ndugu zangu."

Jioni ileile Uwesu na Yustina walikwenda Kitete kwa Adelina, Uwesu akataka itumwe barua nyingine ya kuifuta ya kwanza. Adelina aliichapa. Ilipokwisha ondoka, Yustina alifungua simu yake kuitafuta. Haikuwapo. Waliikuta baadaye kwenye lile sanduku la taka ambamo simu hutupa yenyewe barua isizoziamini.

"Watu wameshakuripoti," Adelina alisema kwa sauti ya chini. "Sasa kila unachokituma kinaangukia jalalani. Hakuna atakayekisoma."

"Basi wapigie simu."

"Namba zao sina. Na hata ningekuwa nazo nisingepiga." Alifunga mlango wa duka. "Nisikilize, baba Shamila. Simu ni yako, kompyuta ni yangu. Tukinyamaza atatafutwa Vedasto. Tukianza kupiga kelele, Vedasto hayupo, tutashikwa sisi. Una mtoto, nina watoto."

Kesho yake Uwesu alikwenda polisi kwa hiari yake, pamoja na Yustina. Walipokelewa na Sajenti Ngollo, mtu mpole wa umri wake, aliyewahi hata kumtuma atangaze ng'ombe wa shemeji yake. Ngollo aliandika maelezo ya Yustina kwanza. Kisha akamgeukia Uwesu na sauti yake ikabadilika.

"Mzee Uwesu, kabla hujasema, nikueleze unapokaa. Hapo hujakaa kama shahidi."

Akatoa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nakala iliyokunjwakunjwa pembe, akamfafanulia kwa maneno mepesi. Sheria inamkataza mtu, akiwa na nia ya kutenda kosa, kuanzisha ujumbe wa kielektroniki ambao mpokeaji hakuuomba, au kuupokea kwa mwingine na kuusambaza, au kughushi taarifa za ujumbe huo zinazoonyesha umetoka wapi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa; au kifungo kisichopungua mwaka mmoja; au vyote viwili.

"Ujumbe ambao hakuuomba," Uwesu alirudia taratibu. "Sajenti, mimi maisha yangu yote sijatangaza kitu ambacho mtu alikiomba."

"Barabarani hiyo ni kazi yako. Huku ni kwingine."

"Lakini mimi sikukusudia kumwibia mtu."

"Hilo utalieleza, na lina maana kubwa, kwa sababu sheria inaangalia nia. Ila nia yako iko moyoni, mzee. Mimi ninachokiona mezani ni simu yako, anwani yako, na jina lisilo lako limeandikwa juu. Kwa nini uliandika Idara ya Ajira?"

Uwesu alijaribu kumweleza habari za baba yake, na za kuazima mdomo wa aliyekutuma. Ngollo alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Mimi ni mtu wa hapa, nimekuelewa. Sijui kama hakimu aliyehamia juzi atakuelewa." Akampa karatasi asaini. "Jumatatu uripoti hapa. Na kuanzia sasa uchunge kauli zako mbele za watu. Utakachokitangaza kinaweza kuletwa mahakamani."

"Na hao wa Jumamosi?"

"Tutawaarifu wenzetu wa Nzega wamtafute mtu huyo. Lakini siwezi kumshusha mtu kwenye basi kwa kosa la kuwa na nauli."

Ijumaa, baada ya sala, Uwesu alimwambia mkewe kwamba kesho atakwenda stendi na spika.

Hafsa alikuwa anakanda unga wa maandazi. "Uende ukaseme nini?"

"Kwamba barua niliituma mimi na kwamba kazi hakuna."

"Mbele ya stendi nzima? Baada ya kuambiwa na polisi kwa kinywa chake kwamba maneno yako yatakufunga?"

"Nikisema kwamba nimesikia tu, hawatashuka. Kasimiri ameambiwa na aliyeibiwa mwenyewe na hakusadiki. Lazima wamsikie aliyetuma."

"Kasimiri, Kasimiri! Huyo Kasimiri ni nani wako? Akienda atapoteza vijisenti, atarudi kwao. Wewe ukienda jela nani atarudi? Mimi nitapita wapi mji huu, mke wa mfungwa?" Alilitupa donge la unga kwenye sinia. "Baba yako alikuwa mtangazaji na hakulala mahabusu hata siku moja."

"Baba aliingia kwenye nyumba kwanza," Uwesu alisema. "Mimi sikuingia."

Asubuhi yake Uwesu alikuta ufunguo wa pikipiki haupo msumarini. Aliifungua spika kwenye pikipiki akaibeba begani, akatia betri kwenye ndoo ya plastiki, akaelekea mlangoni. Hafsa alikuwa amesimama uani amejifunga kanga, ufunguo umo kwenye pindo.

"Angalau vaa kofia," alisema. "Jua litakuwa kali."

Stendi ilikuwa imeamka. Wapiga debe walikuwa wakigombania abiria, wauza asali wakipitisha chupa madirishani, na basi la Nzega lilikuwa limeanza kunguruma. Uwesu aliiweka spika juu ya ndoo, akaunganisha waya. Wapiga debe walimjua.

"Leo kafa nani, mzee Uwesu?" mmoja alipaza sauti.

"Leo nimekuja kujitangaza mwenyewe."

"Ala! Umekufa na hukutuambia tuchange?"

Watu walicheka, na kicheko kiliwafanya wageuke. Uwesu alishika kipaza sauti. Alikuwa ametangaza mamia ya misiba bila kutetemeka, lakini safari hii ilibidi aanze mara mbili.

"Mimi Uwesu wa Isevya. Wapo hapa vijana wanaokwenda Nzega kwenye kazi za mgodini. Ile barua mliyoipata kwenye simu, niliituma mimi. Mtu aliyenituma simjui kwao, na huo mgodi sijauona. Nikaandika cheo cha mtu ambaye hayupo. Waliotangulia wamechukuliwa fedha zao na wametupwa. Kazi hakuna. Nawaomba mshuke."

Stendi ilipungua kelele. Msichana mmoja aliyekuwa mlangoni mwa basi aliteremka, mfuko wake ukimgonga magotini, akaja kumtazama Uwesu kwa karibu kana kwamba anataka kuhakikisha uso na sauti vinafanana. Wengine wawili walimfuata, kisha wavulana wa kutoka Sikonge wakaanza kubishana na kondakta juu ya kurudishiwa nauli. Mtu mmoja alirusha ganda la ndizi likampata Uwesu kifuani. "Mwizi mkubwa! Unatangaza wizi wako na spika!" Simu kadhaa zilikuwa zimeinuliwa, zinarekodi.

Kijana mwembamba mwenye shati la shule lililofutwa nembo alitoa kichwa dirishani. "Mzee, ulisema njoo. Leo unasema usije. Njoo ni yako na usije ni yako. Nishike ipi?"

"Wewe ndiye Kasimiri?"

"Ndiye mimi."

"Shika hii, mwanangu. Ile nilitumwa. Hii hakuna aliyenituma."

Kasimiri aliangalia kiti alichokalia, akaangalia begi lake juu ya keria. "Baiskeli nimeshaiuza," alisema. "Nikirudi nyumbani leo, nirudi na nini? Heri nikaone mwenyewe." Akakivuta kioo cha dirisha. Uwesu aligonga ubavu wa basi kwa kiganja, akamwita kwa jina, akagonga tena. Basi lilirudi nyuma, likageuka, likatoka.

Kasimiri alirejea Tabora baada ya siku kadhaa, juu ya lori la mbao. Hakufika kwa Uwesu wala hakutaka kuulizwa kitu.

Video za stendi zilienea mjini kwa kasi ambayo tangazo lolote la Uwesu halikuwahi kuifikia. Waliozipokea hawakuziomba. Wengine walizikata, zikabaki zile sentensi za mwanzo tu, "niliituma mimi", bila neno la kuwaomba vijana washuke. Misiba ilipotokea Isevya, wafiwa walianza kuita bajaji yenye sauti iliyorekodiwa, ya msichana asiyefahamika na mtu. Adelina alichukuliwa kompyuta yake, akaandikwa kuwa shahidi wa Jamhuri. Sokoni akimwona Hafsa hubadilisha kichochoro.

Uwesu alifikishwa mahakamani na akasomewa shtaka la kusambaza ujumbe wa kielektroniki usioombwa na kughushi taarifa za mtumaji, kwa nia ya kufanikisha udanganyifu. Kaka yake Hafsa na jirani mmoja walikubali kumdhamini. Usiku wa kuamkia siku hiyo shemeji huyo alikuwa amemsihi ajibu maneno mawili tu, "si kweli", kisha anyamaze, upande wa mashtaka wahangaike kuthibitisha.

"Ni kweli au si kweli?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, kutuma nilituma. Na jina lile niliandika. Lakini sikujua kwamba ni uongo, na sikuwa na nia ya kumdhulumu mtu."

Shemeji yake aliinamisha kichwa. Hakimu aliandika kwa muda, kisha akaeleza kwamba jibu hilo si la kukiri kosa, kwa kuwa mshtakiwa anakana nia, na kwa hiyo mahakama inaliandika kuwa amekana. Kesi itasikilizwa. Shahidi wa kwanza atakuwa Yustina, na video ya stendi italetwa kama kielelezo.

Nje, Yustina alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, ameshika tiketi ya treni ya kurudi Igalula. Uwesu alimpita, kisha akarudi.

"Mwanangu, utakapoitwa utasema nini?"

"Nilichokiona."

"Sema hichohicho."

"Nitasema kwamba ulikuja stendi ukawashusha watu. Nimeambiwa na walioshuka." Aliikunja tiketi. "Lakini nitasema pia kwamba siku barua ilipofika, jina lako halikuwapo. Kwamba lingekuwapo, tungekuja kukuuliza. Hilo siwezi kuliacha, baba. Wakiniuliza, nitalisema."

Shemeji yake Uwesu alikuwa akimwita kutoka barabarani, pikipiki imeshawashwa.

"Ndilo litakalonifunga hilo," Uwesu alisema.

"Najua."

Uwesu alivua kofia, akajifuta jasho usoni kwa kiganja, akaivaa tena. "Basi siku hiyo uongee kwa sauti," alimwambia. "Chumba kile ni kikubwa, na hakimu anakaa mbali."